Mashine ya risiti na droo ya fedha dukani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma

Maswali haya ndiyo yanayonifikia zaidi kutoka kwa wenye maduka na makeshia wa Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko fedha zinakopotelea. Mengine jibu lake ni fupi tu. Niseme mapema ninachokiamini: hasara kubwa ya kaunta huzaliwa katika ile nusu saa ya kufunga duka, watu wamechoka, bajaji inapiga honi nje na kila mmoja anataka kwenda nyumbani. Kwa hiyo sehemu ya jioni naomba uisome mara mbili.

Mashine ya EFD na droo ya fedha ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa katika maduka mengine vimeunganishwa. EFD ni mashine ya kodi. Inatoa risiti yenye TIN yako (namba ya mlipakodi), namba ya mashine, tarehe, saa, namba ya uhakiki na alama ya QR, kisha inapeleka taarifa za mauzo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), baadaye ikafika kwa wengine. Droo kazi yake ni kutunza fedha na kuzipanga.

Duka la kawaida sokoni Mwanga lina kimashine cha mkononi na droo ya mbao yenye kufuli. Minimaketi ina kompyuta, printa, skana na droo ya chuma inayofunguka yenyewe risiti ikitoka. Wapo pia wanaotoa risiti kwa simu au kompyuta kupitia mfumo wa VFD.

Mashine ya kuhesabu mauzo kaunta ni wazo la zamani. James Ritty, mwenye baa mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1879 pamoja na ndugu yake John, baada ya kuona mauzo yanaishia mifukoni mwa wahudumu. Yaani kifaa hiki kilibuniwa kwanza kumlinda mwenye duka. Kodi ilikuja baadaye sana. Anayeiona mashine kama mzigo wa serikali tu anajinyima nusu ya faida yake.

Niiweke wapi kwenye kaunta?

Mbali na mlango unaoingiza vumbi, mbali na jua la mchana, na mbali na vitu vitatu vya hapa kwetu: mawese, dagaa na maji. Mkono uliopima mawese ukigusa vitufe, mafuta hushika vumbi na baada ya miezi michache kitufe kinabonyea bila kurudi. Dagaa wa chumvi nao wanaacha chembe zinazokula vyuma. Ukiuza bidhaa hizo, mtu wa kupima asiwe mtu wa kubonyeza. Kama uko peke yako dukani, weka kitambaa kikavu pembeni na ufute mkono kila mara kabla ya kushika mashine.

Isikae chini ya rafu ya soda, wala karibu na friza ambalo maji yake hutiririka umeme ukikatika.

Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, mashine itaungua?

Mashine yenyewe mara nyingi husalimika. Kinachoungua kwanza ni adapta, na adapta isiyo sahihi ndiyo inayoua mashine. Siku hizi Kigoma tunapata umeme wa gridi ya taifa badala ya kutegemea majenereta ya dizeli, lakini kukatika bado kupo, na hatari iko katika sekunde chache za kurudi. Usichomeke mashine soketi moja na friza au pasi. Friza likiwaka linavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na vifaa vidogo vilivyo kwenye waya uleule vinayumba.

Kwa kimashine cha mkononi chenye betri, chaji ijae, kisha chomoa. Kuiacha kwenye chaji usiku na mchana kunachosha betri, na betri iliyovimba inainua kifuniko cha nyuma. Ukiona kifuniko hakikai sawa, acha kuichaji na uipeleke kwa wakala aliyeruhusiwa kuuza na kutengeneza mashine hizi. Usiibonyeze irudi.

Kwa kompyuta na printa, nunua UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Hata ndogo inatosha, kwa sababu huhitaji kufanya kazi saa nzima gizani, unahitaji dakika chache za kumaliza risiti uliyoianza na kuzima kwa utaratibu. Ukitumia jenereta, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uunganishe kaunta.

Radi ni jambo la kuliheshimu hapa. Mvua zikianza Oktoba au Novemba, ukisikia ngurumo zinakuja kutoka ziwani, chomoa plagi ukutani kabisa. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Fanya kazi kwa betri mpaka ipite.

Na adapta ikifa, usiazime ya redio wala ya king'amuzi kwa sababu tu tundu linaingia. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa. Zikitofautiana, subiri.

Risiti inatoka nyeupe. Mashine imekufa?

Karibu kila mara karatasi imewekwa kinyume. Karatasi hii haitumii wino: upande mmoja umepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Kwaruza kwa ukucha kwa nguvu. Upande unaoacha mstari mweusi ndio unaopaswa kutazama kichwa cha kuchapia.

Ukiona mstari wa rangi, mara nyingi mwekundu, pembeni mwa risiti, roli inakaribia kuisha. Badilisha wakati huo, mteja akiwa hajaanza kuhesabiwa. Nunua upana unaolingana na mashine. Nyingi ni milimita 57 au 80. Roli pana ukaikata kwa kisu ili iingie, vumbi la karatasi litajaa ndani na kingo zake zitakwama.

Risiti zangu zinafifia. Mkaguzi akija nitamwonyesha nini?

Zitafifia, ndiyo asili yake. Joto, jua, mafuta na mifuko ya plastiki vinaharakisha. Nimeona mafungu ya risiti za manunuzi yaliyotunzwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya rafu chini ya bati, na hakuna hata tarakimu iliyosomeka. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, kwa hiyo usitegemee karatasi hiyo.

Risiti za mzigo ulionunua, hasa za fedha nyingi, zitolee kopi kwenye karatasi ya kawaida wiki hiyohiyo, au zipige picha zikiwa zimenyooka na uzihifadhi mahali pawili. Ripoti za Z, zile za kufunga siku, vilevile. Bandika kila ripoti kwenye daftari kwa pini ya kushonea, usitumie gundi ya maji wala selotepu juu ya maandishi, maana dawa za gundi zinayafuta. Roli mpya zikae kwenye boksi lake, kabatini, penye giza na ukavu.

Naisafishaje?

Kila jioni, kitambaa kikavu na brashi laini. Brashi ya rangi ambayo haijawahi kutumika inafaa sana. Kila unapobadilisha roli, fungua kifuniko na upeperushe vumbi la karatasi. Usipulize kwa mdomo, mate yanafika ndani.

Maandishi yakianza kuwa na mistari myeupe ya wima, kichwa cha kuchapia kina uchafu. Zima mashine, iache ipoe, chovya pamba kidogo kwenye spiriti, futa taratibu, subiri ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kisu, wembe, sindano, petroli: hapana. Kichwa kile kina tabaka jembamba sana, na mkwaruzo mmoja unabaki kama mstari kwenye kila risiti utakayotoa.

Usiku ifunike kwa kitambaa cha pamba, ikiwa haiko kwenye chaji.

Sisimizi wameingia ndani ya mashine. Nipulize dawa?

Usipulize. Dawa ya kupuliza ina mafuta. Izime, iondoe mahali hapo, sukari na makombo ya maandazi yaondoke kwenye kaunta, na wenyewe watahama. Wakigoma, wakala aifungue.

X na Z zina tofauti gani?

Ripoti ya X inakuonyesha mauzo yaliyofikiwa bila kufuta chochote. Unaweza kuitoa saa sita mchana, saa kumi, wakati wowote unapotaka kujua hali. Ripoti ya Z inafunga siku: inajumlisha, inaandika jumla hiyo kwenye kumbukumbu ya kudumu ya mashine, kisha inaanza siku mpya kwa sifuri. Kilichoingia kwenye kumbukumbu ile huwezi kukifuta wewe wala fundi.

Z itoke kila siku ya biashara. Ukiruka, mashine inaweza kukugomea asubuhi mpaka ufunge siku iliyopita, na utafanya hivyo foleni ikiwa mlangoni. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: siku mbili zikichanganyika, huwezi tena kulinganisha fedha iliyopo na mauzo. Ukipungukiwa, hujui ni ya jana au ya leo, ya keshia huyu au yule.

Toa Z baada ya mteja wa mwisho kutoka, mlango ukiwa umefungwa nusu. Wapo wanaotoa Z saa kumi na mbili jioni halafu wanaendelea kuuza hadi saa tatu usiku. Mauzo hayo yanaingia siku ya pili kwenye mashine, wakati fedha yake iko kwenye droo ya leo. Kila jioni hesabu itakataa, na keshia mwaminifu atashukiwa bure.

Hesabu ya jioni nifanyeje?

Hapa ndipo ninapoomba utulivu. Kwanza hesabu fedha taslimu, ndipo utazame Z. Ukianza na Z, macho yanatafuta jumla uliyokwisha kuiona na utahesabu noti mpaka zifanane nayo. Aliyehesabu aandike, mwingine ahesabu tena bila kuonyeshwa.

Tuchukue mfano. Asubuhi uliweka chenji ya kuanzia 50,000. Z inasema mauzo 847,500. Kati ya hayo, 212,000 zimelipwa kwa simu, kwa Lipa Namba, na 60,000 ni mzigo uliochukuliwa kwa mkopo. Kwenye droo ulitoa 15,000 ukamlipa kuli aliyeleta magunia. Fedha inayopaswa kuwepo ni 50,000 ongeza 847,500, toa 212,000, toa 60,000, toa 15,000: inabaki 610,500. Ukihesabu 608,500, pungufu ni 2,000. Andika hivyohivyo.

Usijazie kutoka mfukoni ili daftari lipendeze, na ziada usiichukue. Ziada nayo ni kosa: pengine mteja hakurudishiwa chenji yake, na kesho atakuja kudai. Ukiwa umeiandika, utamjibu kwa heshima.

Kila shilingi inayotoka kwenye droo ambayo si chenji iwe na karatasi yake, hata shilingi 500 ya maji ya kunywa. Mwenye duka ndiye anayevunja kanuni hii kuliko wote. Anapita, anachomoa 20,000 ya mboga, anaondoka, kisha jioni anamuuliza keshia fedha iko wapi. Baba, mama, andika na wewe.

Wasaidizi wawili wanaweza kutumia droo moja?

Wanaweza, ila hutamjua aliyekosea. Kama huwezi kununua droo ya pili, gawa zamu. Anayeondoka anatoa X, anahesabu, wote wawili wanasaini, anayeingia anaanza. Inachukua robo saa na inaokoa urafiki.

Fedha ikipungua, nimkate keshia mshahara?

Usikimbilie. Tazama wiki kadhaa za daftari. Pungufu ndogo zinazopanda na kushuka, leo 500, kesho ziada 200, ni makosa ya chenji, na dawa yake ni mafunzo na sarafu za kutosha. Pungufu ya kiasi kilekile siku zilezile ni habari nyingine, ikaguliwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata kwa hasira. Mfanyakazi lazima awe amekubali deni kwa maandishi, awe amepewa nafasi ya kueleza kwa nini asikatwe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Wengi hawalijui hili, na mabinti wanaokaa kaunta ndio wanaoumia.

Mteja kutoka Kongo au Burundi anataka kulipa kwa dola au faranga. Nipokee?

Wateja wa ng'ambo ya ziwa ni nguzo ya biashara yetu, hasa wanaoshuka Kibirizi kuchukua mzigo. Lakini kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinataka bei na malipo ya bidhaa nchini yawe kwa shilingi. Mwelekeze kwa upole akabadilishe benki au kwenye duka la fedha za kigeni, kisha arudi. Na ukweli ni kwamba kubadilisha fedha kaunta, kwa bei ya kukisia, huku foleni inasubiri, ndiko kulikokuwa kunavuruga droo nyingi.

Noti za zamani je?

Benki Kuu iliondoa kwenye mzunguko noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya 2010, na muda wa kuzibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025. Noti ya 500 usiipokee, iliyopo ni sarafu. Wazee kutoka vijijini bado huja nazo; waeleze taratibu, wala usiwashuku.

Noti ya 10,000 ukiipokea, iweke juu ya kingo ya droo mpaka umalize kurudisha chenji, ndipo uiingize. Ugomvi wa "nilikupa elfu kumi", "ulinipa elfu tano" unaisha hapohapo.

Malipo ya Lipa Namba nayo yanahitaji risiti?

Ndiyo. Namna ya kulipa haibadilishi kuwa umeuza. Thibitisha ujumbe kwenye simu ya duka, kamwe usikubali ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja, kisha toa risiti. Mauzo ya mkopo yatolee risiti mzigo unapotoka, na jina liandikwe kwenye daftari la madeni.

Mteja anasema hahitaji risiti, nimpunguzie bei.

Itoe. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" si maneno ya kwenye mabango tu: kutotoa ni kosa kisheria, na kutodai ni kosa pia. Kuna sababu ya pili iliyo karibu zaidi na mfuko wako. Duka lililozoea kuuza bila risiti limemfundisha msaidizi wake njia ya kuuza bila mwenye duka kujua. Huwezi kumfundisha kumficha TRA halafu ukategemea hatakuficha wewe.

Kiasi kwenye risiti kiwe kile kilicholipwa. Mteja anaweza kuihakiki kwa QR au kwenye verify.tra.go.tz palepale kaunta.

Kwa nini bidhaa nyingine zina VAT na nyingine hazina?

Kama umesajiliwa VAT, kila bidhaa inawekwa kundi lake kwenye mashine. Sabuni na soda ziko kwenye kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Mahindi na maharage yasiyosindikwa yamesamehewa. Ukiuza sabuni kwa 11,800 pamoja na kodi, 1,800 ni VAT na 10,000 ni yako. Keshia akibonyeza kundi la mahindi kwa kuwa kitufe kiko karibu, deni ni lako. Bandika kikaratasi cha makundi pembeni mwa mashine.

Nimeandika 150,000 badala ya 15,000.

Ukigundua kabla ya jumla, futa mstari huo na uendelee. Risiti ikishatoka huwezi kuirudisha. Mwombe mteja akuachie ile yenye kosa, mpe iliyo sahihi, andika nyuma ya ile yenye kosa kilichotokea, mwombe asaini, na upeleke maelezo ofisi ya TRA ya mkoa pamoja na nakala. Fanya wiki hiyohiyo. Kosa lililoelezwa mapema linasikilizwa. Lile linalogunduliwa mwaka unaofuata linaonekana kama njama.

Mashine imegoma kabisa. Nifunge duka?

Angalia kwanza mambo madogo: chaji, roli, kifuniko kimefungwa vizuri, laini ya simu iliyo ndani ina kifurushi na mtandao upo. Mashine nyingi "mbovu" ni kifurushi kilichoisha, haziwezi kutuma taarifa na zinalalamika. Sogea karibu na dirisha, subiri, jaribu tena.

Bado? Toa taarifa kwa wakala na kwa TRA siku ileile, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Wakati huo andika risiti za mkono zenye nakala, uziingize mashine ikipona.

Usimpe fundi wa simu aifungue. Ana ujuzi, sikatai, lakini mashine ina sili, na ikikatwa na asiyeruhusiwa utaulizwa wewe. Saa na tarehe vilevile, zikipotea mwite wakala.

Usiku droo niiache vipi?

Tupu, na wazi. Mwizi akiona droo imefungwa ataivunja hata kama haina kitu, na droo ya chuma ni ghali kuliko sarafu alizotafuta. Ufunguo usilale kwenye tundu lake.

Droo ya kompyuta ikikwama, tafuta wenzo mdogo chini yake unaoifungua bila umeme. Usiichokoe kwa bisibisi. Mara nyingi ni sarafu iliyodondokea nyuma.

Binti yangu anaanza kukaa kaunta wiki ijayo. Nimfundishe nini kwanza?

Kuhesabu chenji kwa sauti mbele ya mteja. Halafu kuweka roli, X na Z. Vitufe vingine atavijua akiendelea. Siku za mwanzo kaa naye wakati wa kufunga, si wakati wa kufungua, na umwache yeye ahesabu huku wewe umenyamaza. Akikosea, mwache agundue mwenyewe kwenye hesabu ya pili. Na mpe sarafu za kutosha asubuhi, za 50, 100, 200 na 500, maana keshia asiye na chenji huanza kurudisha pipi, na kutoka hapo hesabu haiwezi kusimama.